Kamomili yangu imejaa majani, maua haba, harufu hakuna: nimekosea wapi?

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nilinunua pakiti ya mbegu za kamomili, nikasia kwenye kitalu kwa kina cha kama sentimita moja, nikatandaza nyasi kavu juu na kumwagilia asubuhi na jioni, jinsi ninavyofanya kwa nyanya. Zikapita wiki tatu, ikaota miche 8 tu. Nikaihamishia kwenye tuta lenye samadi ya kutosha. Imekua haraka, imepita magoti, majani tele, lakini maua ni ya kuhesabu, mvua ikinyesha inalala chini, na ile harufu ya chai ya kamomili siipati. Halafu kando ya njia kumejiotea mmea mfupi wenye majani ya namna ileile, vichwa vyake ni vya manjano-kijani bila petali nyeupe, na ukiuponda unanukia nanasi. Jirani anasema hiyo ndiyo kamomili mwitu hasa, nichume ninywe. Je, ni kweli? Na hii yangu niing'oe nianze upya, au inaokoleka?"

Jibu:

Pole kwa kazi ya wiki zote hizo. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: huenda mbegu zako hazikuwa mbovu hata kidogo, na mimea uliyonayo inaokoleka. Tatizo ni kwamba umeitunza kamomili kama mboga. Nyanya inataka kufukiwa, kulishwa na kunyweshwa. Kamomili ni mmea wa pembezoni mwa mashamba na wa ardhi iliyochimbuliwa, umezoea kuishi kwa kidogo, na ukiupa vingi unavigeuza kuwa majani. Kuota kwa kusuasua, kulala, uhaba wa maua na ukosefu wa harufu, vyote vinaanzia hapo. Mmea wa njiani ni habari nyingine, na sehemu hiyo naomba uisome kwa makini zaidi kwa sababu inahusu kitu utakachotia kinywani.

Tuanze na kuota. Mbegu ya kamomili ina urefu wa kama milimita 1 tu, na gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Akiba ya chakula iliyomo ndani ni ndogo mno. Mche ukianza safari sentimita moja chini ya udongo, akiba inakwisha kabla haujaliona jua. Kwa hiyo mbegu za namna hii zina kinga yake: zinangoja mwanga. Ndani ya mbegu iliyolowa kuna kemikali ya rangi iitwayo fitokromu. Mwanga mwekundu uliomo kwenye jua huibadilisha, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoamsha uotaji. Gizani mbegu hubaki imelala, lakini iko hai. Miche yako 8 ni ile ambayo mbegu zake zilibaki juu au karibu kabisa na juu. Udongo ulizinyima wenzake mwanga, na nyasi zikamalizia.

Hapa watu wengi hukata tamaa wakasema wameuziwa mbegu feki, au huongeza maji wakidhani ni kiu. Wengine hushauri mbegu zilale kwenye friji kwanza. Kwa kamomili hakuna ulazima huo. Ushauri wangu ni rahisi zaidi: rudi kwenye kile kitalu, ondoa nyasi, parua juu juu kwa reki ili tabaka la sentimita moja ligeuke, lowesha, kisha ngoja wiki mbili. Huenda ukapata miche bila kununua pakiti nyingine.

Ukisia upya, fanya hivi. Chekecha udongo wa juu uwe laini, usawazishe, umwagilie vizuri siku moja kabla ili maji yawe yameshazama. Chukua mbegu za kunyapua kwa vidole viwili, zichanganye na kikombe kimoja cha mchanga mkavu laini. Hiyo inatosha mita 1 ya mraba. Mchanga unasaidia mambo mawili: unazitawanya mbegu zisirundikane, na unakuonyesha ulikokwisha kupita. Nyunyiza nusu ukielekea upande mmoja wa tuta na nusu ukikatisha. Kisha kandamiza kwa ubao bapa au kwa kiganja. Usiruke hatua hiyo ya kukandamiza, kwa sababu mbegu iliyokaa juu ya udongo bila kugusana nao vizuri haivuti maji. Usifukie, na usitandaze nyasi.

Kinachobaki ni unyevu. Mbegu iliyo juu ya udongo hukauka upesi, na ikikauka baada ya kuanza kuamka inakufa. Tumia chupa ya kunyunyizia inayotoa ukungu, mara mbili au tatu kwa siku jua likiwa kali. Ukimwaga kwa kopo, matone mazito yatazisomba mbegu zote pembeni au kuzizamisha, na utakuwa umezifukia bila kujua. Kama unasia kwenye trei, iweke ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2, yapande yenyewe kutoka chini, kisha uitoe. Unaweza kufunika trei kwa plastiki angavu kuzuia kukauka, mradi iwe mahali penye mwanga pasipo jua la moja kwa moja, na plastiki itolewe mara tu miche inapoonekana. Kwenye nyuzijoto 15 hadi 20 za Selsiasi, tarajia miche kati ya siku 7 na 14.

Uwe mwangalifu siku hizo za kwanza, kwa sababu mche wa kamomili ni mdogo kiasi cha kudhaniwa kuvu ya kijani. Majani mawili ya mwanzo hayana alama yoyote. Baada yake ndipo yanakuja yale yaliyochanika nyuzi-nyuzi, kama ya karoti changa. Usipalilie kabla hujayaona hayo. Miche ikifika sentimita 3 hadi 5, ipunguze ibaki umbali wa sentimita 15 hadi 20, na uipunguze kwa mkasi badala ya kung'oa, maana mizizi yao imeshikana na ukivuta mmoja unawayumbisha watatu. Ukilazimika kuhamisha, hamisha katika umri huohuo, jioni, kila mche na donge lake la udongo. Mche mkubwa ukihamishwa hudumaa au huchanua mapema ukiwa bado mdogo. Kwa hiyo kama nafasi ipo, sia moja kwa moja mahali utakapokaa.

Sasa samadi. Nitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye samadi, ndiyo inayoamuru mmea utengeneze majani na shina. Mmea uliozaliwa kwa ardhi maskini, ukiingizwa kwenye tuta lenye nitrojeni nyingi, hurefuka haraka, seli za shina zinakuwa kubwa na kuta zake nyembamba, na kuchanua kunachelewa kwa sababu nguvu zote ziko kwenye majani. Shina la kamomili ni jembamba na lina matawi mengi sehemu ya juu. Likirefuka hivyo kisha mvua ikatua juu ya majani na maua, linalala. Kwa hiyo kulala na uhaba wa maua ni matokeo ya jambo moja.

Kwa mimea uliyonayo, usiing'oe. Kata theluthi ya juu kwa mkasi mkali, juu kidogo ya mahali tawi la pembeni linapoanzia, na hakikisha matawi yenye majani yanabaki. Pigilia vijiti pembeni mwa mimea na uzungushe kamba laini katika kimo cha sentimita 20 na tena sentimita 40. Acha mbolea yote. Mwagilia pale tu udongo wa juu unapokuwa umekauka kwa kina cha kidole, yaani sentimita 3 hivi. Baada ya wiki chache matawi ya pembeni yataleta maua. Hayatakuwa mengi kama ya mmea uliokulia ardhi kavu kidogo, hilo nakuambia mapema. Na mashina yaliyokwisha kulala usiyalazimishe kusimama, yanavunjika. Ncha zake zitajikunja kuelekea juu zenyewe na kuendelea kuchanua.

Tuta lenyewe lipe mazao yanayokula sana kwa msimu mmoja, mboga za majani kwa mfano, ndipo upande kamomili. Au itafutie sehemu nyingine inayopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku na yenye udongo usiotuamisha maji. Haichagui sana uchachu wa udongo, na hata udongo wenye magadi kiasi inauvumilia. Isichovumilia ni mizizi kukaa ndani ya maji. Udongo ukiwa maskini kabisa, mchanga mtupu, kilo 2 za mboji iliyooza vizuri kwa mita ya mraba zinatosha msimu mzima. Kwenye chungu, tafuta chenye kina cha sentimita 20 au zaidi na matundu chini. Chenye kipenyo cha sentimita 30 kinabeba mimea mitatu. Baridi inaipenda, miche yake huvumilia hata baridi kali kidogo. Joto la kupita nyuzi 30 ndilo linaloichosha: inachanua haraka, maua madogo, kisha inakufa. Penye joto, panga kusia ili wiki ya 8 hadi ya 10, ambayo ndiyo ya kuchanua, iangukie miezi ya ubaridi, na uipe kivuli cha alasiri.

Ujue pia kwamba aina hii, ambayo kwenye pakiti huandikwa Matricaria chamomilla, ni ya msimu mmoja. Ikishatoa mbegu inakauka, na hapo siyo ugonjwa. Wadudu hawaisumbui sana. Vidukari huja kwenye ncha laini, hasa mmea ukiwa umelishwa kupita kiasi. Wasafishe kwa maji ya nguvu. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga juu ya majani, hutokea pasipo na hewa, nao ni sababu nyingine ya kutosonganisha mimea. Miche ikianguka kama iliyokatwa usawa wa udongo, hicho ni kinyausi: punguza maji, mwagilia asubuhi tu, acha upepo upite.

Kuhusu harufu, dhana ya kurekebisha ni kwamba majani nayo yanapaswa kunukia sana. Mafuta yanayonukia yamo hasa kwenye vitezi vidogo vilivyo juu ya vijiua vya ndani ya kichwa cha ua. Majani yananukia kwa mbali. Mmea wenye majani tele na maua matano hauwezi kuijaza bustani harufu, hata uwe na afya namna gani. Jambo la pili ni wakati wa kuchuma. Kichwa cha kamomili ni mkusanyiko wa vijiua vingi sana vya manjano vinavyofunguka kwa mpangilio, kuanzia pete ya chini kupanda juu, vikizungukwa na petali nyeupe. Chuma petali zikiwa zimelala bapa, na vijiua vya manjano vikiwa vimefunguka hadi kama nusu. Petali zikiwa bado zimesimama, mafuta hayajajaa. Zikishaning'inia chini na sehemu ya manjano ikawa imechongoka, ua limeshapitiliza. Ukilikausha litapukutika na mafuta yatakuwa yamepungua. Chunguza mchana tu, kwa sababu jioni petali hujishusha hata kwenye ua changa. Chuma asubuhi umande ukishakauka, siku isiyo na mvua, ukiacha kikonyo kisichozidi sentimita 2. Pitia kila baada ya siku 5 hadi 8, maana kuchuma kunachochea mengine.

Kausha kivulini, maua yakiwa tabaka moja juu ya wavu au kitambaa safi, penye hewa inayotembea, joto lisizidi nyuzi 40. Jua la moja kwa moja linapausha rangi na kuyarusha mafuta. Usiangalie petali, hizo hukauka mapema. Bonyeza kitovu cha manjano, kikisagika kikavu hadi ndani, ua limekauka. Likihifadhiwa na unyevu ndani, linaota ukungu. Maua mabichi ya kilo 5 hutoa kama kilo 1 kavu, kwa hiyo usishangae rundo zima likiingia ndani ya chupa moja. Weka kwenye chombo kinachofunga vizuri, gizani, na yatumie ndani ya mwaka. Unapotengeneza chai, funika kikombe dakika 5 hadi 10, la sivyo harufu uliyoilinda shambani inaondoka na mvuke. Kwa wanaotaka kujua: mafuta yanayokamuliwa kwa mvuke hutoka ya buluu, ingawa ndani ya ua hamna buluu. Kemikali isiyo na rangi iitwayo matrisini hugeuka kuwa kamazuleni inapopata joto la mvuke, na hiyo ndiyo yenye rangi.

Naja kwa jirani yako. Kwa maelezo uliyotoa, mmea wa njiani unaelekea kuwa Matricaria discoidea. Hajakosea kuuita kamomili mwitu, kwa sababu ni wa jenasi moja na kamomili yako: majani yanafanana, ni mfupi, kwa kawaida sentimita 5 hadi 30, hauna petali nyeupe, na harufu yake ya nanasi ukipondwa ni alama kubwa. Ni mgumu sana, unamea hata pale panapokanyagwa kila siku. Watu hula vichwa vyake na kuvitengeneza chai. Ila mafuta yake yana mchanganyiko tofauti, kwa hiyo usiuchukue kuwa badala kamili ya kamomili ya petali nyeupe.

Hata hivyo, usiuchume pale ulipo. Kando ya njia kuna mikojo ya mbwa, moshi na mafuta ya magari, na pengine dawa ya kuua magugu iliyopigwa bila wewe kujua. Kuosha hakuondoi vyote. Ngoja vichwa vigeuke kahawia, vipondeponde juu ya karatasi, kisha uzisie mbegu juu ya udongo mahali safi kwa njia ileile niliyoeleza. Ukiufurahia, kata vichwa vilivyobaki kabla havijapukutika, la sivyo msimu ujao utaukuta kila mahali. Kamomili ya petali nyeupe nayo hujisia hivyohivyo.

Kabla ya kunywa mmea wowote ambao hukuusia mwenyewe, fanya jaribio la wembe. Pasua kichwa cha ua katikati, kutoka juu hadi kwenye kikonyo, utazame kitako ambacho vijiua vimekaa juu yake. Matricaria, zote mbili, kitako chake kimechongoka na ndani kuna uwazi. Kama kimejaa, una mmea mwingine. Kikiwa kimejaa na ua halinukii chochote, huenda ni Tripleurospermum inodorum, ambayo kwa kuitazama nje tu ni rahisi kuidhania kamomili. Kikiwa kimejaa, kuna vigamba vyembamba katikati ya vijiua, na harufu inakera, huenda ni Anthemis cotula; iache, inaweza kuwasha na hata kubabua ngozi. Kikiwa kimejaa na kina vigamba, lakini mmea unatambaa na hata majani yananukia tufaha, ni kamomili ya Kirumi, Chamaemelum nobile. Hiyo huishi miaka mingi na huzidishwa kwa kugawa mashina yenye mizizi. Fanya jaribio hilo kwa mimea yako 8 pia, kwa sababu kukosa harufu kunaweza kuwa kwa samadi, na kunaweza kuwa kwa mmea usio kamomili.

Magugu ya jenasi ya Senecio yang'oe mapema kwenye tuta la kamomili. Yana kemikali zinazodhuru ini, na kipande kikichumwa kwa bahati mbaya kinakwenda moja kwa moja kwenye kikombe.

Kwa upande wa afya, kuna mambo ambayo si ya kuamuliwa bustanini. Kamomili iko katika familia moja na alizeti na krisanthemu. Mwenye mzio wa mimea hiyo anaweza kupata mzio wa hii pia. Midomo au uso ukivimba, au kupumua kukiwa kwa shida baada ya kunywa, ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mjamzito, na mwenye kutaka kumpa mtoto mchanga, wamuulize daktari au mfamasia kwanza. Usioshee macho maji ya kamomili ya nyumbani. Hayana usafi wa dawa ya macho, na wapo waliopata mzio wa macho kwa njia hiyo. Na kama unainywa kwa ajili ya usingizi au tumbo linalosumbua wiki baada ya wiki, tatizo hilo lenyewe linahitaji kupimwa.

Wembe usipokupa jibu la wazi, au mimea ikigeuka manjano na kudumaa hata baada ya kupunguza maji na kuacha samadi, mtafute afisa ugani au mtaalamu wa mimea ana kwa ana. Usimpelekee picha peke yake. Ng'oa mmea mmoja mzima, mzizi, shina, majani na maua, pamoja na kichwa kimoja kilichokomaa, ufunge mzizi kwa karatasi iliyolowa na uufikishe siku hiyohiyo. Kama shida ni umanjano, chukua pia udongo wa kikombe kimoja kutoka kina cha sentimita 10 hadi 15 chini ya mmea wenyewe, umweleze ni samadi kiasi gani uliweka na lini.